"Angalia 4, 7 na 9": Niliyojifunza Katika Kazi ya Utafiti wa Hisabati

Machi 2016 niliingia jikoni kwenye bweni la wanafunzi, Stockholm, nikabandika uji, nikafungua simu. Jarida moja la hisabati lilikuwa limenijibu, baada ya miezi 11, kuhusu makala niliyowatumia. Mhakiki, mtaalamu aliyepewa kazi ya kuipima makala, ambaye kwa desturi ya fani yetu jina lake sitalijua kamwe, alikuwa ameandika aya moja ya heshima, kisha mstari mmoja peke yake: "Lema ya 4 si kweli. Angalia 4, 7 na 9."

Lema ni dai dogo unalolithibitisha kwanza ili libebe dai kubwa. Sikuhitaji karatasi. Nilipiga hesabu kichwani nikiwa nimesimama pale pale, na kabla uji haujachemka nilijua kuwa kazi yangu ya mwaka mzima na nusu imeanguka.

Ngoja nieleze kosa lenyewe, maana halihitaji elimu kubwa. Mama yangu amepika mandazi Tanga tangu nikiwa shule ya msingi. Tuseme anayafunga kwa pakiti za manne na pakiti za saba, na hafungui pakiti. Mteja akitaka 11 atapata: moja ya nne, moja ya saba. Akitaka 15 atapata. Akitaka 10 hapati, 13 hapati, 17 hapati. Lakini kuanzia 18 kwenda juu, idadi yoyote utakayotaja inapatikana. Kwa hiyo 17 ndiyo namba kubwa kuliko zote isiyopatikana. Kwa pakiti za aina mbili ambazo hakuna namba zaidi ya 1 inayozigawa zote mbili, kanuni inajulikana tangu karne ya 19: zidisha namba zako mbili, kisha toa zote mbili. 28 toa 11 ni 17. Ukiongeza aina ya tatu ya pakiti, kanuni nyepesi ya namna hiyo huipati tena, na hapo ndipo fani yangu inapoanzia. Ina maswali ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuyaelewa na ambayo yamewashinda watu wazima kwa miongo. Kisio, yaani dai lisilothibitishwa bado, alichokiweka Mmarekani Herbert Wilf mwaka 1978 kuhusu namba hizi ndicho kilichonivuta mimi.

Sasa, pakiti zikiwa za aina mbili, ile namba kubwa isiyopatikana ni witiri siku zote. Nilikuwa nimeizoea tabia hiyo kiasi kwamba niliivusha hadi kwenye pakiti za aina tatu bila kujitambua, na katikati ya Lema ya 4 nikaichukua namba hiyo, nikaongeza moja, nikagawa kwa mbili nikiamini haibaki kitu. Mhakiki aliongeza pakiti ya 9 juu ya 4 na 7. Sasa 13 inapatikana, 4 na 9. Hata 17 inapatikana: 4, 4 na 9. Isiyopatikana iliyo kubwa inabaki 10, na 10 ni shufwa. Kurasa 14 zilikuwa zimekalia ile lema.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaoniuliza kila mwaka, "Dokta, nikitaka kuwa mwanahisabati wa utafiti nifanyeje?" Wengi huniuliza habari za ufadhili. Nitazieleza. Lakini kilichonigharimu zaidi, miaka na fedha, hakikuwa ukosefu wa ufadhili. Ni kwamba kwa muda mrefu nilificha nisichokijua.

Chanzo chake nakijua. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano na sita, bweni, na nilikuwa wa kwanza au wa pili darasani kwa sababu nina kumbukumbu kali. Nilipoingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2007 niliendelea vile vile. Tulikaa kwenye vimbweta mpaka usiku tukipitia madesa, maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu. Uthibitisho wa epsiloni na delta, herufi mbili za Kigiriki tunazopimia ukaribu wa namba, niliweza kuuandika wote kama ngonjera, herufi kwa herufi. Ukiniuliza kwa nini delta ile na si nyingine, ningenyamaza. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Nilimaliza na GPA ya 4.3, na kwa kuwa vyuo vinataka angalau 3.8 ili uajiriwe kama mkufunzi msaidizi, mwaka 2010 nilipata kazi katika chuo kimoja cha umma. Nyumbani walichinja mbuzi. Niliamini kuwa nimeshakuwa mwanahisabati.

Mwaka uliofuata nilikwenda AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, Muizenberg, nje kidogo ya mji wa Cape Town. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok ndani ya jengo lililokuwa hoteli, hatua chache kutoka baharini. Wanafunzi wanatoka Afrika nzima, wanalala na kula humo humo, na wahadhiri wanakuja kutoka nchi mbalimbali kufundisha wiki tatu tatu, wakila meza moja na wanafunzi. Ufadhili uligharamia ada, chakula na malazi. Kama una shahada ya kwanza nzuri ya hisabati na huna fedha, omba huko, na uombe mapema. Siku hizi kuna vituo vyao pia Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda.

Kule nilikutana na kijana wa Cameroon aliyekuwa akisema "sijaelewa" kwa sauti, kila siku, wakati mwingine mara nne katika kipindi kimoja. Wiki za mwanzo nilimwonea huruma. Nilidhani hatafika Krismasi. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kila kinachosemwa, kisha usiku natafuta maana peke yangu mpaka saa nane. Ilipofika Aprili yule kijana alikuwa akitueleza sisi. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyopanda na sikujifunza kitu. Nilijiambia ana kipaji.

Kosa langu la kwanza la fedha lilitokea nikiwa nimerudi, mwaka 2013. Nilikuwa na ripoti ya uzamili na nilitaka sana kuona jina langu kwenye chapisho. Jarida moja likaniandikia lenyewe, likinisifu, likaahidi kuchapisha haraka. Nilituma makala, ikakubaliwa baada ya siku nne bila swali hata moja, nikalipa dola 300 ambazo zilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Hakuna binadamu aliyeisoma. Mpaka leo makala ile ipo mtandaoni na jina langu, na nimeshindwa kuifuta. Kwa hiyo jua hili: majarida mengi ya kweli ya hisabati hayamtozi mwandishi kitu, na uhakiki huchukua miezi sita, mwaka, hata zaidi, kwa sababu mtu anakaa na kalamu akipitia kila mstari. Ukikubaliwa ndani ya wiki, ogopa. Ingia zbMATH Open, hazina ya machapisho ya hisabati iliyofunguliwa bure kwa wote tangu 2021, uangalie kama jarida hilo lipo. Kama halipo, funga pochi.

Mwaka huo huo nikapata nafasi ya uzamivu Sweden kwa mtindo tunaouita "sandwichi": miezi sita kule, miezi sita nyumbani, kwa miaka kama mitano. Sweden imesaidia hisabati ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu kupitia mpango wa sayansi ulioko Chuo Kikuu cha Uppsala, na tangu 2002 kuna mtandao uliounganisha idara za hisabati za Dar es Salaam, Makerere na Nairobi, kisha wengine wakaongezeka. Walimu wengi wa kizazi changu ni matunda ya mipango hiyo. Mtindo wenyewe ni mzuri kwa mtu mwenye familia na kazi, ila una mtego ambao hakuna aliyenionya. Kabla hujasaini, hakikisha mwajiri wako anakuandikia barua, kwa maandishi na mhuri, kwamba ukiwa nyumbani utapunguziwa vipindi. Mimi niliambiwa kwa mdomo, "usijali, tutaangalia." Kila niliporudi nilikuta masomo matatu yananingoja pamoja na rundo la karatasi za kusahihisha. Ile miezi sita ya nyumbani, kwa upande wa utafiti, ihesabu sifuri. Uzamivu wa miaka mitano ukawa miaka miwili na nusu ya kazi halisi.

Na kuna mtoto. Binti yangu alikuwa na miaka miwili nilipoondoka mara ya kwanza kwenda Sweden, akabaki Tanga na bibi yake. Nikipiga simu ya video alikuwa akijificha nyuma ya kanga ya Mama, halafu Mama anasema, "Mwache tu mwanangu, atazoea." Nilikuwa nazima simu nakaa kitandani. Desemba kule jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na chumba kinakuwa giza huku kazi ya siku bado haijaanza kueleweka. Sitaki kumwambia mwanamke yeyote kuwa haya ni mepesi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba lipo shirika la wanawake katika sayansi, OWSD, lenye makao yake Trieste, Italia, linalotoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake kutoka nchi zetu, na katika mpango wao unaweza kusoma kwenye nchi nyingine inayoendelea badala ya kwenda Ulaya. Mimi nililijua nikiwa mwaka wa tatu. Ningelijua mapema, huenda ningesoma karibu zaidi na nyumbani.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole aliyetaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilishindwa kwa mwaka mzima. Nimelelewa kumwamkia mtu wa umri wake "shikamoo", si kumwita kama ninayemwita rika langu. Tulikutana kila Jumanne saa nne asubuhi. Aliuliza, "Inaendeleaje?" Nilijibu, "Vizuri."

Nilijibu hivyo kwa miezi saba. Ninayo bado daftari ya kipindi kile, jalada la bluu. Kurasa 60 za mwanzo zina hesabu moja ikirudiwa, nimeijaribu kwa 5 na 7, kwa 5 na 8, kwa 5 na 11, daima pakiti za aina mbili, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazielewa. Pakiti za aina tatu zilinitisha, na badala ya kusema "sielewi kinachobadilika tukiongeza ya tatu," nilikwenda kwa mzee na kurasa safi za kile nilichokuwa na hakika nacho. Yeye akadhani najenga msingi. Laiti ningesema sentensi ile moja Jumanne ya kwanza, Lema ya 4 isingezaliwa.

Hatimaye nilipopata kile nilichodhani ni thioremu yangu, yaani dai kubwa lililothibitishwa, nilifanya jambo ambalo leo nikimsikia mwanafunzi analifikiria namzuia mlangoni: nilituma makala kwenye jarida bila kumwonesha msimamizi. Nilitaka kumletea barua ya kukubaliwa. Nilitaka ajue kuwa nimeweza mwenyewe.

Baada ya baruapepe ya Machi nilijifungia siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumanne. Nilimpa mzee barua ya mhakiki, nikabaki nimesimama. Akaisoma, akaniuliza swali moja: "Nani mwingine aliisoma kabla hujaituma?" Nikasema hakuna. Akanyamaza. Kisha akaniambia nikaiandike Lema ya 4 kwenye ubao wa korido, ule ulio karibu na mashine ya kahawa, pamoja na mfano unaoivunja, na niiache pale.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Mkono ulitetemeka nikiandika. Lakini kufikia mchana walikuwa wamesimama pale watu wawili, jioni watatu, wakibishana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekosea. Waliuliza: inavunjika lini, na inasimama lini? Alhamisi asubuhi nilikuta mtu ameandika chini ya mwandiko wangu neno moja la fani yetu, "simetriki", na alama ya kuuliza.

Maana ya neno hilo ni hii. Chukua tena pakiti za 4 na 7, namba kubwa isiyopatikana ikiwa 17. Namba 4 inapatikana, basi 17 toa 4, yaani 13, haipatikani. 7 inapatikana, basi 10 haipatikani. 8 inapatikana, 9 haipatikani. 11 inapatikana, 6 haipatikani. Kila inayopatikana ina mwenzake asiyepatikana upande wa pili, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Pakiti zikiwa na kioo hicho, hata ziwe za aina tatu, ile namba kubwa lazima iwe witiri, na kugawa kwangu kwa mbili kulikuwa halali. Pakiti za 4, 7 na 9 hazina kioo. Basi. Lema yangu haikuwa uongo mtupu, ilikosa sharti moja, na sharti hilo lilipatikana kwa siku mbili, ubaoni, baada ya mimi kulikosa kwa mwaka na nusu nikiwa peke yangu. Makala ikashuka kutoka kurasa 14 hadi tisa. Ilichapishwa mwaka 2017, na katika shukrani mwishoni nimemtaja mhakiki asiye na jina.

Wanafunzi wetu wanapenda kusimuliana habari za mwanahisabati Andrew Wiles, jinsi alivyojifungia miaka saba kwa siri akisaka uthibitisho wa Thioremu ya Mwisho ya Fermat, swali lililowashinda watu kwa karne nyingi. Huishia hapo. Wanasahau kwamba alipoutangaza uthibitisho wake Cambridge, Juni 1993, ulikuwa na pengo, na kwamba pengo lile lilizibwa Septemba 1994 akiwa anafanya kazi pamoja na Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake. Kazi zikachapishwa 1995: makala moja ya Wiles, na nyingine ya Taylor na Wiles. Natamani sehemu hiyo ndiyo isimuliwe zaidi.

Nilitetea tasnifu mwaka 2018. Sweden wana desturi: wiki tatu kabla ya utetezi unapewa nyundo na msumari, unaipigilia tasnifu yako kwenye ubao wa mbao hadharani, ili yeyote anayetaka kuipinga apate muda wa kuisoma. Nilipigilia yangu, nikampelekea Mama picha. Akajibu kwa sauti: "Mbona unakitoboa kitabu, mwanangu, baada ya kuhangaika hivyo?"

Baada ya hapo nilitafuta nafasi ya utafiti ya miaka miwili nje, ile hatua ambayo karibu kila mwanahisabati wa utafiti huipitia kabla ya kupata kazi ya kudumu. Nilituma maombi 31. Nilihojiwa mara moja. Sikupata. Nilikosea mambo mawili. Kwanza, nilianza Aprili, wakati nafasi nyingi za mwaka unaofuata hutangazwa kuanzia Oktoba na kufungwa Novemba na Desemba, nyingi zikipitia tovuti ya MathJobs. Pili, barua za wadhamini. Katika fani yetu barua hizo zina uzito kuliko wastani wako wa alama, na zinatakiwa tatu au nne. Msimamizi wangu aliandika ya kina. Wengine wawili walikuwa watu walionifahamu kwa tabia: mwanafunzi mzuri, mwenye bidii. Hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa kazi yangu, na wasingeweza, kwa sababu sikuwahi kuwapa. Katika makongamano matano niliyohudhuria nilikaa viti vya nyuma nikasikiliza, nikarudi hotelini. Ukienda kongamano, chagua watu wawili ambao kazi zao unazitumia. Waandikie kabla, sentensi tano, uwe na swali moja mahususi. Wengi wao watajibu. Hao ndio watakaokuandikia barua miaka mitatu baadaye.

Kuhusu makongamano, jambo la fedha ambalo waandaaji wa Ulaya hawalifikirii: mara nyingi wanakwambia ukate tiketi mwenyewe, utarudishiwa. Nilikopa SACCOS shilingi milioni 2.4 kwa ajili ya kongamano moja, zikarudi baada ya miezi minne, riba nikalipa mimi. Siku hizi naandika mapema na wazi kwamba siwezi kutanguliza nauli, naomba wakate wao. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Nilikuwa naona haya kuuliza tu.

Nikarudi nyumbani. Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa na wanafunzi 420, vipaza sauti viwili, kimoja kibovu. Mwaka mzima sikuandika uthibitisho hata mmoja. Kilichoniokoa ni kujua kwamba mlango wa maktaba za dunia haujafungwa kama tunavyodhani. arXiv, hazina ya makala za kisayansi mtandaoni, ipo tangu 1991, na karibu kila kitu kipya katika fani yangu kinawekwa pale bure kabla hata jarida halijakitoa. Na ipo ICTP, Trieste, kituo alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama sisi hasa, tunaofanya sayansi mbali na maktaba kubwa na wenzetu wa fani. Wana mpango wa wanasayansi washirika: ukichaguliwa unakwenda mara kadhaa ndani ya miaka sita, kukaa na kufanya kazi, kisha unarudi kwenu. Nilikwenda mwaka 2022 kwa wiki nane. Upepo wa huko, wanaouita "bora", ulikuwa ukivuma mpaka nashika nguzo ya taa barabarani, na nilifanya kazi nyingi zaidi wiki zile nane kuliko miaka mitatu iliyotangulia.

Kisha likaja suala la kupanda cheo. Katika hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti. Jina langu la ukoo linaanza na S, hivyo katika makala za pamoja niko mwisho karibu kila mara. Kamati iliyoketi kunijadili ilikuwa na watu wa fani nyingine, ambako wa kwanza ndiye mwenye kazi, na wakaandika kuwa "mchango wake ni mdogo." Nililia ofisini. Halafu nikatafuta, nikakuta Chama cha Hisabati cha Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2004 likieleza desturi hii ya alfabeti. Nikaambatanisha, na waandishi wenzangu wakaandika barua fupi kueleza nani alifanya nini. Rufaa ilichukua miezi tisa. Mwaka 2023 nikawa mhadhiri mwandamizi. Kama jina lako liko mwisho wa alfabeti, weka tamko hilo kwenye faili lako la kwanza kabisa, usingoje rufaa. Na ile makala ya dola 300? Kamati iliiondoa kwenye hesabu, na walikuwa na haki.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Hesabu anazipenda kiasi, si sana, na simlazimishi. Likizo iliyopita tulikaa jikoni kwa bibi yake, nikamwonesha pakiti za 4 na 7. Alipanga mandazi kwenye sinia, akafika 17, akasema, "Mama, hii haiwezekani," kisha akaendelea kupanga mpaka 25 kuhakikisha.

Idarani tumeanzisha semina ya Alhamisi saa kumi jioni. Tulianza watu watano, chai na mihogo tunachangishana. Sharti ni moja: usilete kazi iliyokamilika. Ubao mmoja tumeupeleka koridoni, karibu na ngazi, na nimeomba wafanya usafi wasiufute bila kuuliza. Wiki hii umeandikwa na binti wa mwaka wa tatu, anayekaa nyuma darasani na ambaye sijawahi kusikia sauti yake. Ameandika uthibitisho wa mistari 12, na pembeni ya mstari wa saba amechora mshale kwa chaki nyekundu: "Hapa sina uhakika." Nimepita asubuhi hii nikakuta wenzake wawili wameshaandika chini yake.